The Grammar of Ornament ya Owen Jones: kwa nini ninapendekeza toleo la 1868

Toleo la mwaka 1868 la kitabu cha Owen Jones kiitwacho The Grammar of Ornament, lililotolewa London na Bernard Quaritch, ndilo ninalompendekezea mtu anayekusanya vitabu vya kale vya sanaa za mapambo kwa fedha za mshahara. Nasema hivyo nikijua fika kwamba wauzaji hulipigia debe toleo la kwanza la mwaka 1856, na kwamba madukani zimejaa nakala mpya za bei nafuu zenye jina hilohilo. Nakala yangu imekaa mezani hapa Mombasa muda wa kutosha kunionesha ubora na udhaifu wake, na lile toleo la kwanza nimewahi kulifungua katika chumba cha kusomea cha maktaba, chini ya jicho la mtumishi aliyekuwa akikagua kila nilipogeuza ukurasa.

Jones alizaliwa London mwaka 1809, akasomea usanifu wa majengo, kisha akasafiri Ugiriki, Misri na Uturuki kabla ya kufika Granada, Hispania, mwaka 1834 pamoja na msanifu wa Kifaransa Jules Goury. Wawili hao walianza kupima na kunakili nakshi za jumba la Alhambra, lakini Goury aliugua kipindupindu akafia hukohuko mwaka uleule. Jones aliporudi Uingereza na rundo la michoro, hakupata kiwanda cha kuchapa rangi kwa kiwango alichokitaka, akaamua kuweka mitambo yake mwenyewe na kujifunza uchapaji, na kitabu cha Alhambra kikatoka kwa mafungu kuanzia 1836 hadi 1845. Mwaka 1851 alipewa kazi ya kupanga rangi za ndani ya lile jumba kubwa la vioo na chuma lililojengwa Hyde Park kwa ajili ya Maonesho Makuu, akazipaka nguzo zake nyekundu, manjano na buluu huku magazeti yakimdhihaki. Kwa hiyo The Grammar of Ornament haikuandikwa na mtu wa kuketi ofisini na kukusanya picha za wenzake. Iliandikwa na mtu aliyekwisha kuzipima nakshi kwa mkono wake na kuhangaika na wino kiwandani, na jambo hilo linaonekana katika kila ukurasa.

Kitabu kina sura 20, kuanzia mapambo ya watu wa visiwa vya Pasifiki, kupitia Misri, Ashuru, Ugiriki, Roma, Bizanti, Waarabu, Waturuki, Wamori (Waislamu wa Hispania ya kale, waliojenga Alhambra), Uajemi, India na China, hadi Ulaya ya zama za kati na Renaissance, yaani zama za mwamko wa sanaa zilizofuata, na mwisho majani na maua kama yalivyo shambani. Mbele ya sura hizo zimewekwa kanuni 37 za upangaji wa umbo na rangi. Jones hakuandika yote peke yake: John Obadiah Westwood aliandika kuhusu mapambo ya Waselti, watu wa kale wa Ireland na Uingereza, John Burley Waring akaandika kuhusu Bizanti na zama za Malkia Elizabeth wa Kwanza, na Matthew Digby Wyatt akashika Renaissance na Italia. Utofauti wa kalamu hizo unaonekana, na sitaficha kwamba sura za Wyatt huwa nazipitia haraka, kwa sababu ni ndefu na zinajaa majina ya wachongaji kuliko maelezo ya kazi zao.

Kinachomfanya mkusanyaji atoe fedha, hata hivyo, ni michoro ya rangi na jinsi ilivyochapwa. Ufundi huo huitwa kromolitografia, na anayetaka kununua kitabu cha aina hii afadhali auelewe kabla hajafungua mkoba. Mchoraji huchora juu ya bapa la jiwe laini la chokaa kwa kalamu au wino wenye mafuta. Jiwe huloweshwa maji, kisha hupakwa wino wa kuchapia, ambao hushika penye mafuta na kukataa penye maji. Kila rangi ina jiwe lake, na karatasi ileile hupitishwa juu ya jiwe moja baada ya jingine, mpaka mchoro ukamilike. Jiwe likihama kiasi cha unywele tu, rangi hutoka nje ya mipaka yake na karatasi hutupwa. Katika dibaji, Jones anamshukuru Francis Bedford, ambaye pamoja na wasaidizi wake aliyachora mawe ya kurasa 100 za toleo la kwanza katika muda usiofika mwaka mmoja, na kila nikiufungua ukurasa wowote wa Alhambra nashindwa kuelewa walilala saa ngapi.

Katika nakala yangu kuna ukurasa wa Alhambra wenye uwanda wa buluu, nyekundu na rangi ya dhahabu iliyofifia kuelekea manjano. Ukiutazama kwa macho matupu, mistari myeupe inayozitenganisha rangi hizo inaonekana kama imechorwa kwa kalamu ya chokaa. Ukiuweka chini ya kioo cha kukuzia, unagundua kwamba weupe huo ni karatasi yenyewe, iliyoachwa tupu katikati ya mawe matatu tofauti, na kwamba sehemu moja pembeni nyekundu imeuvuka mpaka wake kidogo na kuingia chini ya buluu, ikazaa uzi mwembamba wa zambarau. Ukiuinamisha ukurasa dirishani, tabaka la mwisho la wino linang'aa tofauti na la chini yake. Hakuna nakala ya kisasa inayoweza kuonesha jambo hilo, kwa sababu uchapaji wa ofseti hugawa kila rangi katika nukta ndogondogo zilizojipanga kwa utaratibu, na kioo kilekile cha kukuzia huzifichua mara moja. Hicho ndicho kipimo cha haraka cha kumtambua muuzaji anayekuuzia kitabu cha juzi kwa bei ya kitabu cha kale.

Toleo la kwanza lilitolewa na Day and Son mwaka 1856, likiwa na kurasa 100 za michoro kwa ukubwa wa folio, yaani takriban sentimita 55 kwenda juu. Ni kitabu kizuri kupita kiasi, na ni kitabu cha tabu kupita kiasi. Hakisomeki kikiwa mapajani, rafu ya kawaida haikichukui, na kukigeuza ukurasa kunahitaji mikono miwili na meza iliyo wazi. Tatizo kubwa zaidi lipo mgongoni. Nakala nyingi za wakati huo zilijaladiwa kwa njia iliyopewa hataza na William Hancock mwaka 1836, ambapo karatasi hukatwa moja moja na kugandishwa mgongoni kwa utomvu wa mpira bila kushonwa kwa uzi. Njia hiyo ilipendwa kwa vitabu vya picha kwa sababu kurasa hufunguka zikalala bapa, lakini utomvu ulipozeeka ulikauka, ukawa unga, na karatasi zikaanza kudondoka kama za daftari la shule lililotoka pini. Ndiyo maana folio nyingi zilizopo sokoni zimejaladiwa upya, na nyingine zimepoteza kurasa njiani. Mtu anayenunua folio kwa maelfu ya pauni ananunua pia bili ya fundi wa majalada, kama si leo basi kesho.

Toleo dogo, lenye urefu wa takriban sentimita 34, lilitangulia kutolewa na Day and Son mwaka 1865, kisha Quaritch akalitoa mwaka 1868 na kuendelea kulichapa tena kwa miaka mingi, hata mwaka 1910. Katika umbo hili michoro ilipunguzwa ukubwa na idadi ya kurasa zake ikafika 112. Wanunuzi wengi hupotea hapa, kwa sababu namba za Kirumi zilizo juu ya kurasa bado zinaishia C, yaani 100. Zile 12 za ziada zimepewa namba ya ukurasa jirani pamoja na alama ndogo ya nyota au msalaba, hasa katika sura ya Wamori, ambako namba XLII inajirudia. Muuzaji akikuandikia kwamba kitabu kimekamilika kwa kuwa namba zinakwenda kutoka I hadi C bila kuruka, mwombe azihesabu karatasi zenyewe, moja moja, kisha akutumie picha za kurasa zenye nyota. Muuzaji mmoja, ambaye simtaji, alinitumia picha nyingi nzuri za majani na maua, nilipomwomba za Wamori akanyamaza siku kadhaa, na hatimaye akakiri kwamba mbili hazimo. Kurasa za Alhambra na za Uajemi ndizo zinazopendwa kutundikwa ukutani, kwa hiyo ndizo za kwanza kuchanwa na wale wanaonunua vitabu vizima ili wauze picha moja moja zikiwa kwenye fremu. Biashara hiyo ni halali na mimi naichukia.

Je, kupungua ukubwa kunapunguza ubora? Kidogo, na inategemea sura. Michoro ya Misri, yenye maua ya yungiyungi na mafunjo katika uwanda mpana wa rangi chache, haipotezi chochote. Ile ya vitabu vya Waselti, iliyojaa fundo ndani ya fundo, inaanza kusongamana, na katika nakala yangu kijani cha sura ya Uajemi kimekolea kuliko nilichokiona katika folio. Kwa upande mwingine, toleo dogo linashikika, linawekwa kando ya kazi, na mtu anaweza kufuatisha umbo kwa penseli bila kulala juu ya meza. Hivyo ndivyo kitabu hiki kilivyotumika tangu mwanzo. Frank Lloyd Wright, msanifu wa Marekani, alieleza katika tawasifu yake kwamba ujanani alinakili kurasa zake nyingi kwenye karatasi nyembamba za kuonea. Jambo hilo lingemuudhi Jones, maana katika dibaji yake analalamika wazi kuhusu mafundi wanaokopi mitindo ya kale bila kuuliza ilitokana na nini, na moja ya kanuni zake za mwisho inasema kwamba misingi iliyomo katika kazi za waliotangulia ni mali yetu, ila matokeo yake si yetu.

Kanuni hizo 37 ndizo sehemu ninayorudia kusoma kuliko zote, ingawa wakusanyaji wengi huziruka ili wafike kwenye rangi. Ya tano inataka ujenzi upambwe, na inakataza kujenga kitu kwa makusudi ya kuwa pambo tu. Ya 13 inasema kwamba maua na vitu vingine vya asili visitumiwe kama vilivyo, bali viwakilishwe kwa umbo lililokubaliwa, linalotosha kukumbusha kitu chenyewe bila kuvunja umoja wa uso uliopambwa. Msomaji wa pwani hatahitaji kueleweshwa zaidi. Fundi wa nakshi wa Lamu au Zanzibar anapochonga yungiyungi au waridi kwenye fremu ya mlango, hachongi ua lililoota bustanini. Anachonga duara lenye petali zilizogawanywa sawasawa, na mnyororo unaoizunguka fremu haujaribu kumdanganya mtu kwamba ni chuma. Hali ni hiyohiyo kwenye kanga, ambako korosho iliyorithiwa kutoka nguo za Kihindi inajaza mji au pindo kwa kufuata mpaka wake. Sura ya India katika kitabu hiki, iliyotokana kwa sehemu kubwa na nguo na vyombo vilivyooneshwa London mwaka 1851, ndiyo inayokaribiana zaidi na macho yetu, na Jones anaisifu bila kujizuia, akisema wazi kwamba mafundi wa India waliwashinda wa Ulaya waliokuwa ukumbini pamoja nao.

Pwani yetu yenyewe haimo. Hakuna sura yoyote ya Afrika kusini mwa Sahara, na mtu anayetarajia kuona Kilwa au Pate kando ya Kairo asahau. Sura ya kwanza, inayohusu hasa watu wa Pasifiki, imepewa jina la dharau lililokuwa la kawaida London wakati ule, jina ambalo sioni sababu ya kulirudia. Ajabu ni kwamba maandishi ya ndani yanapingana na jina hilo. Jones anauchambua mchoro wa chale kwenye uso wa mwanamke wa New Zealand na kuonesha jinsi kila mstari unavyofuata umbo la uso, kisha anasema kwamba mapambo ya watu hao ni ya kweli kwa kazi yake kuliko mengi yaliyotengenezwa viwandani Ulaya. Katika kurasa hizohizo kuna mchoro mdogo wa majani yaliyosukwa kutoka visiwa vya Hawaii, ambao mtu yeyote aliyewahi kuona ukili ukisukwa ataufahamu kabla ya kusoma maelezo.

Dosari iliyo nzito zaidi kitaaluma ni sura ya China. Ni fupi, ina ubaridi, na inawanyima Wachina uwezo wa ubunifu kwa kutegemea vitu vichache vya biashara ambavyo mwandishi alikuwa ameviona. Kwa heshima yake, Jones alibadili msimamo. Vita vilivyofuata nchini China viliwafanya askari na wafanyabiashara walete Uingereza vyombo vya majumba na mahekalu kwa njia ambazo nyingi zilikuwa uporaji mtupu, na baada ya kuviona alitoa mwaka 1867 kitabu kingine chenye kurasa 100 za rangi, Examples of Chinese Ornament, akikiri kwamba maoni yake ya awali hayakuwa kamili. Mwenye nafasi ya kununua kitabu cha pili baada ya hiki asitafute mbali.

Kuhusu nakala za kisasa, msimamo wangu ni wa kati. Princeton University Press ilitoa mwaka 2016 toleo lenye maandishi yote, na mtu anayetaka kumsoma Jones bila kuhangaika na karatasi za kale atafaidika nalo. Lakini ziko nakala nyingine, zinazochapwa moja moja kwa oda kutokana na picha zilizoskaniwa, ambazo si za kununua kabisa: nyekundu imekuwa kahawia, kurasa za maandishi zimepinda, na katika moja niliyoonyeshwa michoro yote ilikuwa ya rangi nyeusi na nyeupe, jambo ambalo kwa kitabu kinachofundisha kanuni za rangi ni mzaha. Kabla ya kununua nakala ya namna hiyo, afadhali kukisoma bure katika Internet Archive, maktaba ya mtandaoni, ambako matoleo ya kale yamewekwa na yanaweza kukuzwa hadi mtu aone chembe za wino.

Kukitunza kitabu hiki pwani ni kazi ya kudumu. Hewa yetu yenye unyevu na chumvi huleta madoa ya kahawia kwenye karatasi, na hasa kwenye karatasi nyembamba za kukinga michoro ambazo baadhi ya nakala zinazo. Zikishaanza kubadilika rangi, naona heri kuzitoa na kuweka mpya zisizo na asidi, huku zile za zamani zikihifadhiwa kwenye bahasha. Kabati la vioo lililofungwa kabisa, ambalo wengi hulinunua kwa kudhani linakinga, hufungia unyevu ndani pamoja na kitabu, kwa hiyo la kwangu lina matundu nyuma na limesogezwa mbali na ukuta wa nje. Kitabu kimelazwa kwa ubavu, maana ukikisimamisha uzito wa karatasi huuvuta mgongo kwenda chini. Mende hupenda gundi ya jalada kuliko maandishi, na mchwa hawabagui, kwa hiyo kabati lenye miguu iliyoinuka ni la lazima. Mwombe muuzaji akifunge kwa plastiki kwanza, kadibodi ngumu ya pande zote mbili baadaye, na usikubali kitumwe katika bahasha hata kama ina mapovu ya hewa, kwa sababu pembe za jalada ndizo hupokea kila pigo la safari.

Bei haziko thabiti, lakini tofauti kati ya matoleo ni kubwa na haibadiliki: folio ya 1856 huzungumzwa kwa maelfu ya pauni, na toleo la 1868 kwa mamia. Jalada lililorudishwa na fundi si kasoro kwangu, mradi kazi imefanyika kwa ngozi au kitambaa kizuri na kingo za michoro hazikupunguzwa kwa kisu. Pima nafasi nyeupe inayozunguka mchoro pande zote nne, na ukikuta upande mmoja umebanwa hadi kugusa rangi, ujue kisu kimepita. Mihuri ya maktaba nyuma ya karatasi naivumilia, ile iliyogongwa juu ya mchoro siivumilii. Kwa nakala yenye kurasa zote 112, kingo kamili na madoa machache pembeni, mia kadhaa za pauni pamoja na gharama ya usafiri ni bei ya haki. Ikikosa hata ukurasa mmoja wa Alhambra, nisingetoa nusu yake.